Muuguzi amehesabu pumzi dakika moja akasema ni nimonia. Hii namba inatoka wapi?

MamaWaPili

Wakuu, habari za humu ndani. Naomba mwenye uelewa anisaidie, maana tangu jana kichwa hakitulii.

Mwanangu ana miezi 14. Alianza na mafua ya kawaida, siku ya tatu kikohozi kikakaza, usiku akawa anahema kama aliyetoka mbio. Asubuhi nikampeleka. Muuguzi akaniambia nimpakate, nimfungue vifungo, nisimnyonyeshe kwanza. Akabonyeza kidude fulani chenye mlio, akakaa kimya anamtazama mtoto tumboni. Stetoskopu ilikuwepo, lakini ilining'inia tu shingoni. Kidude kilipolia mara ya mwisho akasema "arobaini na sita", akaandika. Kisha akatazama kifua pale chini ya mbavu, akauliza kama mtoto ananyonya, kama anatapika kila kitu, kama amewahi kushikwa na degedege katika ugonjwa huu. Akambana kitu kwenye kidole cha mguu, kikasoma 96. Halafu: "Mama, ni nimonia, ila si kali." Akanipa vidonge vya amoksilini vya kuyeyusha kwenye maji, asubuhi na jioni kwa siku tano, na turudi siku ya tatu.

Wifi yangu anasema nimechezewa. Damu haikuchukuliwa, picha ya kifua haikupigwa, nimonia imejulikanaje? Nilipofika nyumbani nikahesabu mwenyewe kwa saa ya simu. Mara ya kwanza 52. Mara ya pili 38. Mara ya tatu 44. Sasa anayo, hana, au anayo kidogo? Na hiyo 46 ni kubwa kuliko nini?

Kipanga77

Dada, usipoteze muda. Kimbia hospitali kubwa upige picha. Kuhesabu hata mimi naweza. Wanabahatisha na watoto wa watu.

BibiPumzi

Kipanga, kuhesabu unaweza, sina ubishi. Kuhesabu sawasawa ndiyo shughuli.

Mama, pole kwa kuuguza. Nijitambulishe kidogo ili ujue maneno haya yanatoka wapi. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka sita nililipwa mshahara kwa kazi moja: kutazama matumbo ya watoto yakipanda na kushuka. Ulikuwa utafiti wa nimonia, na mimi nilikuwa miongoni mwa wahesabuji. Jina langu la humu ndilo walilonipa wenzangu kwa utani, nikalichukua.

Kwanza hiyo 46. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja lakini hajafika mitano, akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, tunasema anapumua haraka. Wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, mpaka wake ni 50. Wa chini ya miezi 2 ni 60, na huyo hatuamini hesabu moja, tunarudia. Kwa hiyo wa kwako amevuka mstari kwa pumzi sita. Angekuwa na miezi 11, na 46 hiyohiyo, kifua kimetulia na hana dalili nyingine, angeandikiwa kikohozi cha mafua na kurudishwa nyumbani bila antibiotiki. Najua inaudhi. Mtoto halali na mapafu ya miezi 11 akaamka na mengine. Lakini kadiri anavyokua ndivyo pumzi zake zinavyopungua, na anayechora mpaka hana budi kuitua kalamu mahali.

Waliouchora hawakuota. Mapema miaka ya 1980 daktari wa watoto Frank Shann alikuwa Goroka, nyanda za juu za Papua New Guinea, mbele ya watoto wengi wanaokohoa. Huko vijijini wahudumu hawakuwa na eksirei wala maabara. Wamjue vipi anayehitaji dawa kati ya kumi wenye kamasi? Yeye na wenzake wakachambua dalili moja baada ya nyingine. Ile milio ya mapafu tuliyofundishwa kuiheshimu haikusaidia kama ilivyodhaniwa. Inataka sikio lililozoezwa, na wasikilizaji wawili hawasikii kitu kimoja. Kupumua zaidi ya mara 50 kwa dakika kulichuja vizuri, na kifua kubonyea ndani kulionyesha nani ni wa kulazwa. Baadaye, mwaka 1988, watafiti wa Vellore, India, walionyesha kwamba kwa waliovuka mwaka mmoja 50 ni kubwa mno, ukingoja ifike utawakosa wengi. Ndipo 40 ikapata nguvu.

Sababu yenyewe ni ya kimaumbile. Pafu lililojaa majimaji na usaha huwa gumu, halitanuki. Mtoto hawezi kuvuta pumzi ndefu, basi anavuta fupifupi, nyingi. Likizidi kuwa gumu, misuli huvuta kwa nguvu mpaka sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani wakati hewa inaingia. Ndiyo maana muuguzi wako alitazama chini ya mbavu. Stetoskopu shingoni haikuwa uvivu.

Na huku kuhesabu kumeokoa watu. Mwaka 2003 watafiti Sunil Sazawal na Robert Black walijumlisha majaribio ya mpango huu katika jamii, mhudumu anahesabu, anatazama kifua, anatoa antibiotiki. Vifo vya nimonia kwa walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa karibu 36%.

Sasa tuje kwenye 52, 38 na 44 zako. Hizo hazinishangazi hata kidogo. Siku yangu ya kwanza kazini tulihesabu wawili, mtoto mmoja, dakika ileile, mimi nikapata 58, mwenzangu 51. Msimamizi hakuuliza nani kakosea. Aliuliza: "Nani alikuwa anatazama wapi?" Mimi nilitazama kifua kupitia nguo. Mwenzangu alipandisha shati, akachagua sehemu moja ya tumbo karibu na kitovu, hakuiacha mpaka mwisho. Hesabu yake ndiyo iliyoandikwa.

Mtoto awe ametulia, hanyonyi, halii. Nguo juu. Chagua sehemu moja inayosogea, usihamishe macho. Usimwekee mkono kifuani ukidhani utahisi vizuri zaidi: akihisi mkono anashtuka, anabadilisha pumzi, nawe umehesabu mshtuko wako. Hesabu dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana watoto wadogo hupumua haraka kidogo, wakapunguza, wakaharakisha tena. Ukikata katikati unaweza kuangukia kwenye mbio au kwenye mapumziko. Homa nayo hupandisha pumzi. Ikiwa 52 yako uliipata akiwa wa moto na ndiyo kwanza ametoka kulia, itupe.

Ila usijigeuze mashine ya kuhesabu usiku kucha. Namba ikicheza kati ya 38 na 44 nyumbani haikufuti wala kukuthibitishia kitu. Mambo ya kukurudisha mbio, hata saa nane za usiku, ni haya: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, degedege, amelegea huwezi kumwamsha sawasawa, kifua kinabonyea ndani, anakoroma kwa kuvuta hewa akiwa ametulia, au midomo imebadilika rangi. Hapo usihesabu. Beba.

FilamuNyeusi

Niongezee kuhusu picha, maana nafanya kazi chumba cha eksirei na kila siku naletewa wazazi wenye imani kama ya Kipanga.

Picha ya mtoto wa mwaka mmoja ni vita. Mzazi kamshika mikono, mtoto anapiga kelele, sisi tunavizia avute pumzi. Nusu ya zile "alama" ni mtoto aliyegeuka kidogo. Nimonia ikiwa changa, picha inaweza kutoka safi kabisa. Ikiwa na doa, doa halina lebo ya kusema mimi ni virusi au mimi ni bakteria. Tena wasomaji hawakubaliani. Wataalamu wawili, picha moja, majibu mawili, hili nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja.

Shirika la Afya Duniani lililazimika kutunga namna moja ya kusoma picha hizi kwa ajili ya utafiti wa chanjo, ili doa linaloitwa doa Gambia liitwe doa kwingine pia. Bila hilo tusingejua chanjo inafanya nini. Jaribio la Gambia lililochapishwa 2005, la chanjo ya aina tisa za nyumokokasi, bakteria mmoja mkubwa wa nimonia, lilionyesha nimonia ya kwenye picha imepungua kwa 37% na vifo vya watoto vimepungua kwa 16%. Kwa kazi ya namna hiyo picha ina thamani kubwa. Kumwamulia mtoto mmoja mwenye 46, kifua kimetulia na oksijeni ya damu 96 kwenye kile kidude cha kidoleni, haibadilishi dawa atakayopewa. Ningekuwa mimi nisingepiga.

Mchokonozi

Naheshimu maelezo, ila kuna jambo mnalirukia. Upo utafiti mkubwa wa PERCH, nchi saba, ulitoka 2019. Unasema zaidi ya 61% ya nimonia hizo chanzo chake ni virusi, na RSV, kirusi kimoja cha njia ya hewa, peke yake ni karibu theluthi. Bakteria ni 27%. Sasa antibiotiki ya nini? Hatuzalishi usugu kwa mikono yetu wenyewe halafu tunalalamika?

BibiPumzi

Mchokonozi, swali lako ndilo lililotulaza macho sote. Umeisoma vizuri, nikuongezee pembeni yake.

PERCH ilichukua watoto zaidi ya 4,200 waliolazwa na nimonia kali au kali sana, Bangladesh, Gambia, Kenya, Mali, Afrika Kusini, Thailand na Zambia. Asilimia ulizotaja ni za wale wasio na VVU ambao picha zao zilionyesha kitu. Ugumu wake ni kwamba pafu huwezi kuliingiza kidole ukachota. Kuna sindano ya kupenyeza kifuani kuchota majimaji, Shann na wenzake waliitumia Goroka, lakini huwezi kumchoma kila mtoto. Basi unachukua kamasi puani na kooni, na kule kuna umati. Ndiyo maana walipima pia watoto zaidi ya 5,000 wa jamii zilezile wasio wagonjwa wa nimonia, wakakuta virusi kadhaa vinaishi kwa hao nao, raha mustarehe. Ukimkuta kirusi mlangoni hujathibitisha kwamba ndiye aliyevunja nyumba. RSV ilijitofautisha: ukiikuta kwa mgonjwa, mara nyingi ndiye. Tena katika sehemu nyingi kati ya hizo chanjo dhidi ya Hib, bakteria mwingine wa nimonia, na nyumokokasi ilikuwa imeshaanza kazi, kwa hiyo bakteria walikuwa wameshapunguzwa kabla mtafiti hajafika.

Namba zile husema kundi. Mtoto aliye mbele yangu hazimsemi.

Kwa hiyo watu wakathubutu kuuliza swali lako kwa vitendo: tusiwape dawa wenye pumzi za haraka tu, tuone. Karachi, Pakistan, walichukua watoto 4,002, nusu wakapewa amoksilini, nusu dawa bandia inayofanana nayo kwa sura ila haina dawa ndani. Matokeo yalichapishwa 2020. Matibabu yalishindikana kwa 2.6% ya waliopata amoksilini na 4.9% ya waliopata ile bandia. Malawi nako walifanya jaribio la namna hiyo, 4% kwa 7%. Utaisoma hesabu hii kwa macho mawili. Jicho moja: zaidi ya watoto 90 katika kila 100 walipona bila dawa yoyote, una haki yako. Jicho la pili: kwa hesabu ya Karachi, ukiwapa watoto 44 unamwokoa mmoja asizidiwe. Nani kati ya hao 44? Hapo ndipo tuna giza. Tukipata kipimo cha kumtambua huyo mmoja, nitakuwa wa kwanza kuwanyima wengine 43.

Nimewahi kuhesabu watoto katika utafiti ambao sikujua nani kapewa nini. Nakumbuka mmoja, siku ya pili alikuwa anacheka, anavuta kamba ya kitambulisho changu, pumzi 36. Nikaandika "anaendelea vizuri". Nilikuwa na hakika amepata dawa halisi. Bahasha zilipofunguliwa, hakuwa ameipata. Tangu siku hiyo siamini hisia zangu, naandika namba na kunyamaza.

Kuhusu usugu, utafiti umekazania zaidi kufupisha siku. Malawi tena, watoto 3,000 ambao kifua kilikuwa kinabonyea, siku tatu za amoksilini zililinganishwa na tano: waliozidiwa 5.9% na 5.2%, tofauti haina uzito. Lakini MamaWaPili, tafadhali usiikatize yako kwa sababu umesoma hapa. Malizia ulichoandikiwa.

Na mwambie wifi: zamani kifua kikibonyea ilikuwa kulazwa na sindano moja kwa moja. Mwaka 2008 Pakistan ilitangaza matokeo ya watoto 2,037 wa namna hiyo, nusu wodini kwa sindano, nusu nyumbani kwa amoksilini ya kunywa. Wa nyumbani hawakuwa nyuma. Miongozo ya dunia ilibadilika baada ya hapo. Kwa hiyo mtoto ambaye hata kifua hakibonyei kurudi nyumbani na vidonge si kwamba amedharauliwa.

BabaMapacha

Bibi, shikamoo. Je, ninunue kile kidude cha kubana kidoleni niwe nacho nyumbani? Na kuna video nimeona ya chupa ya shampuu inatoa mapovu inaokoa watoto wa nimonia. Ni kweli au ni ya mitandao?

BibiPumzi

Marahaba mwanangu. Vidude vingi vinavyouzwa vimetengenezwa kwa kidole cha mtu mzima. Kwa mtoto mchanga kinapwaya, mguu ukiwa wa baridi kinadanganya, akitikisika kinadanganya, na kwa ngozi nyeusi huweza kusoma juu kuliko ukweli. Utapata 88 mtoto mzima wa afya ukimbie bure, au 95 ya uongo ulale. Cha kliniki chenye kibano cha watoto na mtu aliyefunzwa ni habari nyingine. Kikisoma chini ya 90, mtoto anahitaji oksijeni, hata kama kwa macho anaonekana si mgonjwa hivyo. Papua New Guinea, hospitali tano ziliwekewa vipimo hivyo pamoja na mashine za kuchuja oksijeni, na vifo vya watoto wenye nimonia vikashuka kutoka karibu 5% hadi 3.2%. Kipimo pamoja na oksijeni, umeona. Kipimo peke yake kinakuambia tu jinsi hali ilivyo mbaya.

Chupa ni ya kweli. Daktari Mohammod Jobayer Chisti wa Dhaka alitumia chupa ya shampuu yenye maji: mtoto anapumulia nje kupitia bomba lililozamishwa, mapovu yanatoka, na ule mgandamizo unazuia vifuko vya hewa mapafuni visijikunje. Jaribio lake la 2015: vifo 4% kwa waliowekewa mapovu, 15% kwa waliopewa oksijeni ya kawaida. Lilisimamishwa mapema. Kila mtu akashangilia, nami nikiwemo. Halafu Malawi wakajaribu mapovu katika hospitali ya wilaya isiyo na daktari wodini muda wote, matokeo yakatoka 2019: vifo 17% kwa mapovu, 11% kwa oksijeni ya kawaida. Mapovu ni yaleyale. Waliokaa kando ya kitanda ndio hawakufanana. Kwa hiyo usijaribu kitu nyumbani.

MamaWaPili

Nimerudi wapendwa. Leo ilikuwa siku ya tatu. Muuguzi yuleyule, kidude kilekile. Kasema 34, kifua kimetulia, tumalizie vidonge. Safari hii nilihesabu naye kimyakimya, nikiwa nimeshika macho kwenye kitovu kama Bibi alivyosema. Nilipata 35. Nilimwambia, akacheka, akaniuliza kama natafuta kazi.

Kikohozi bado kipo, kanionya kinaweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Anakula. Amemng'ata wifi.

BibiPumzi

35 kwa 34! Ningekuajiri.

Kipanga77

Sawa, nimenyooshwa. Nimemhesabu wa kwangu wa miaka mitatu, haumwi, amelala. Nikapata 27. Nikarudia papo hapo, 33. Nimekosea wapi?

BibiPumzi

Mkono wako ulikuwa wapi?

Kipanga77

Kifuani kwake.

BibiPumzi

Utoe.